Njoo Alhamisi

Kabla ya tarehe 28 Agosti 2017, siku mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Kenya, ungeweza kujua mambo ya nyumbani kwa mtoto wa Silanga kwa kuangalia tu anachobebea vitabu. Wengi wetu tulikuwa na juala nyeusi, ile ya kuuzia omena. Ukiona mtoto ana mfuko wa Nakumatt, ule mgumu wenye picha ya ndovu, ulijua mamake anafulia watu nguo Lang'ata au babake ni soja kwenye geti fulani huko Ngong Road. Mfuko ulikunjwa vizuri, ukaletwa nyumbani, ukatumika mpaka ndovu akafutika masikio.

Ndani ya duka lenyewe tuliingia mara moja moja, na si kununua. Jumamosi tulitoka Silanga tukapita Lindi, tukapita Makina, tukakatiza Toi na kutokea Prestige Plaza. Kazi yetu ilikuwa kuzunguka. Tuliangalia televisheni nyingi zikionyesha kitu kimoja, tukanusa mkate wa moto, kisha tukatoka kabla soja hajaanza kutuuliza tunatafuta nini. Sisi tulioishi kwa kadogo, mafuta ya kupima na sukari ya kufungwa kwenye kikaratasi, tuliamini kwamba hapo ndipo pesa za Nairobi zinalala.

Mwaka uleule mifuko ilipopigwa marufuku, rafu za Nakumatt nazo zilikuwa zimeanza kubaki tupu. Niliingia siku moja nikakuta safu nzima imejazwa maji ya chupa, chupa zote zimesogezwa mbele ili mtu asione kwamba nyuma hakuna kitu. Nilikuwa nimetoka shule ya upili juzi tu, na nilicheka. Sikujua kwamba kuna watu wanaojua vizuri sana ni kwa nini nyuma hakuna kitu, na kwamba mmoja wao baadaye angekuwa mama yangu.

Watu wa mikutano ya biashara hupenda kuongea kuhusu maadili ya uongozi kama kitu cha kutundika ukutani, kando ya picha ya rais. Utasikia maono, utasikia uadilifu, halafu chai inaletwa. Mimi nimeyajua maadili hayo upande wa pili wa kaunta, ambako yana tarehe ya kulipwa. Kwa hivyo nitaongea kuhusu supamaketi tatu, moja baada ya nyingine, zilizoangukia watu wa mji huu.

Ngoja kwanza nieleze supamaketi inakulaje. Mteja akinunua unga, analipa papo hapo. Lakini duka lenyewe mara nyingi halijalipia huo unga. Limeuchukua kwa msambazaji kwa mkopo, na walikubaliana alipwe baada ya siku 30, au 60, au hata 90. Kwa hivyo kuna kipindi ambapo pesa za unga zimekaa kwenye akaunti ya duka na si za duka. Zidisha huo unga kwa maelfu ya bidhaa, kwa kila tawi, kila siku ya Mungu. Huo ni mto wa pesa. Si wizi, na wala si ubaya wenyewe. Karibu dunia nzima biashara hii inaendeshwa hivyo. Swali ni aliyekaa kando ya mto anafanya nini. Anaweza kukumbuka kwamba ni maji ya watu yanapita tu. Au anaweza kuchimba mtaro ayaelekeze shambani kwake: afungue tawi jipya kwa pesa za msambazaji, akitumaini kwamba mauzo ya tawi hilo ndiyo yatamlipa msambazaji. Tawi likikawia kuleta faida, siku 60 zinakuwa 90, siku 90 zinakuwa 180, na yule anayesubiri anageuka kuwa benki isiyotoza riba. Hakuna aliyemuuliza kama anataka kuwa benki. Aliambiwa tu aje Alhamisi.

Ya kwanza kuanguka ilikuwa Uchumi, na hiyo ilikuwa yetu kwa maana kamili ya neno. Ilianzishwa mwaka wa 1975 na mashirika matatu ya umma: ICDC, KNTC na Kenya Wine Agencies. Uhuru ulikuwa na miaka kumi na miwili. Biashara ya rejareja mijini ilikuwa kwa muda mrefu mikononi mwa familia za Kihindi, na sheria ya leseni za biashara ya 1967 ilikuwa imeanza kuwasukuma nje wale ambao hawakuwa raia. Pengo lilihitaji kujazwa. Wazo la Uchumi lilikuwa kwamba bidhaa za lazima zimfikie mwananchi kwa bei ya haki, na viwanda vya hapa vipate mahali pa kuuzia. Jina lenyewe lilikuwa ahadi. Mwaka wa 1992 hisa zake zikaingia kwenye Soko la Hisa la Nairobi, na watu wa mishahara ya kawaida wakaweza kununua kipande cha duka walilokuwa wakinunulia sabuni.

Juni 2006 ilifunga milango. Ilikuwa imejipanua kuliko nguvu zake, ikabaki na madeni ambayo haikuweza kuyalipa. Serikali, yaani mimi na wewe, ikaingia na mkopo. Meneja wa mufilisi akawekwa. Maduka yakafunguliwa tena wiki chache baadaye. Na kweli ilifufuka. Mwaka wa 2010 ikatolewa kwenye usimamizi wa mufilisi, 2011 ikarudi sokoni. Hadithi yake ilisimuliwa kama somo la matumaini.

Hapo ndipo mimi huwa nasimama. Kuanguka mara ya kwanza ni jambo ambalo mtu anaweza kusamehe. Biashara ni biashara. Lakini mwishoni mwa 2014 Uchumi ilirudi kwa wenye hisa ikaomba waongeze shilingi milioni 895, na watu walivyoipenda walitoa maombi ya zaidi ya kiasi hicho. Ilipofika Juni 2015, hata mwaka haujaisha, bodi ikamfuta kazi mkurugenzi mkuu pamoja na mkuu wa fedha. Hali ya kampuni haikuwa ile iliyokuwa kwenye karatasi. Oktoba mwaka huo ikafunga maduka yake yote ya Uganda na Tanzania. Mwaka wa 2016 Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA, ikawachukulia hatua baadhi ya waliokuwa viongozi wake, kwa sababu ya yale ambayo watu waliambiwa, na ambayo hawakuambiwa, walipokuwa wakiombwa pesa. Mwaka wa 2020 wadai walikubali mpango wa kupokea sehemu tu ya deni lao. Kampuni iliyookolewa kwa pesa za umma, ikapendwa na umma, ilirudi kwa umma uleule ikiwa na hesabu zilizopakwa rangi.

Sasa nije nyumbani.

Silanga imekaa juu ya Bwawa la Nairobi, na jina lake maana yake ni hiyohiyo, bwawa. Wazee wanasema zamani Wazungu walikuwa wakiendesha mashua za tanga hapo. Siku hizi ni magugu-maji na majitaka. Kwa upande wetu wa juu, mama na wanawake wengine sita wa chama chake walianza kukaanga njugu kwa sufuria moja na jiko la makaa. Waliuza kwa vibanda, kwa makanga, kwa watu wa mjengo. Baadaye wakasaidiwa kupata alama ya ubora ya KEBS, wakachapisha lebo, na siku moja supamaketi moja ikawapa LPO. Sitaitaja. Tayari nimetaja nyingi, na hii si lazima iwe mojawapo.

Siku ya kwanza ya kupeleka mzigo walivaa nguo za kanisa. Walipanda matatu na katoni magotini, mimi nikibeba zilizobaki, na makanga akawatoza nauli ya viti viwili viwili kwa sababu ya mzigo. Hakuna aliyebishana. Katika stoo ya nyuma kijana alihesabu pakiti, akagonga muhuri kwenye karatasi, na mama akaishika ile karatasi kwa mikono miwili.

Miezi ya mwanzo walilipwa. Walicheleweshewa kidogo, lakini walilipwa. Halafu oda ikaongezwa, na mtego ulikuwa hapo, kwa sababu oda ikikua deni linakua nayo. Njugu mbichi walichukua kwa mzee mmoja wa Nyamakima, kwa magunia, naye aliwapa kwa neno la mdomo: mkilipwa, mnilipe. Kufikia wakati walipoacha kupeleka mzigo walikuwa wanadai shilingi 186,000. Kwa watu wa ofisi kuu hizo ni pesa za mafuta ya gari. Kwa wanawake saba wa Silanga zilikuwa biashara yote.

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya wasambazaji kuulizia cheki. Mama alienda kila Alhamisi na faili ya kijani. Kulikuwa na benchi, na kwenye benchi aliwajua watu: mwenye mayai, mwenye mtindi, kijana wa fagio, mzee wa asali kutoka Ukambani aliyekuwa akifika na chakula chake cha mchana kwenye mkebe kwa sababu alijua hatamaliza mapema. Soja alimzoea mpaka akamwita Mama Njugu. Siku moja karani mmoja, msichana wa umri wangu, alimvuta kando. "Mathe, wacha nikuambie ukweli. Cheki zinatoka, lakini zinaenda kwa wale wakubwa. Wale wakiacha kuleta mali, rafu inaonekana vibaya. Njugu zenu zikikosa, hakuna mtu atajua."

Sidhani nimewahi kusikia uongozi mbaya ukielezwa kwa ufupi kuliko hivyo. Mahali fulani kwenye orofa ya juu mtu alikuwa ameketi na orodha ya wadai na pesa zisizowatosha wote. Akapanga. Na kipimo chake hakikuwa nani amesubiri zaidi, wala nani ataumia zaidi. Kilikuwa nani anaweza kumuumiza yeye.

Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu. Chama kilivunjika, kwa kelele, kama vyama vinavyovunjika, kila mtu akimshuku mwenzake kwamba amelipwa kisirisiri. Mzee wa Nyamakima hakuja kwetu hata siku moja. Alipiga simu mara mbili. Ya pili alikuwa anauliza afya. Mama akaanza kumlipa. Aliuza friji. Alirudi kufua nguo Lang'ata, kazi aliyokuwa ameacha. Alilipa kidogo kidogo kwa miezi kumi na minne, na katika hizo kidogo kidogo kulikuwa na karo yangu.

Nilimwambia, "Mama, mwambie na yeye aje Alhamisi."

Akasema, "Njugu nilichukua mimi. Yeye hiyo kampuni haijui."

Nilikasirika, na sina uhakika kama nimemaliza. Sikurudi chuoni. Watu wakisimulia habari za uaminifu wa wadogo husimulia kwa sauti tamu, kana kwamba uaminifu ni bure. Huu wetu ulikula shahada. Ninachoweza kusema ni kwamba hasara ilipofika kwake, mlango wa kuisukuma iende kwa mwingine ulikuwa wazi kabisa, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeushika nikimwonyesha. Hakupita. Wale wa orofa ya juu walikuwa wamepita mlango huohuo mara nyingi mpaka hawauoni tena.

Niliporudi kusoma habari za Nakumatt, kwa hivyo, nilisoma kama mtu anayetafuta ule mlango. Jina linatokana na Nakuru na magodoro. Familia ya Shah ilianza na duka Nakuru. Atul Shah ndiye aliyelikuza mpaka likawa jina la Afrika Mashariki nzima. Katika miaka ya 2010 lilikuwa na zaidi ya matawi 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, mengine yakikesha usiku kucha. Mwaka wa 2014 lilichukua maduka ya Shoprite ya Tanzania. Kila mara kulikuwa na tawi jipya, na utepe wa kukatwa, na kiongozi wa kuukata. Ilikuwa kampuni ya familia. Haikuwa kwenye soko la hisa, kwa hivyo msambazaji wa kawaida hakuwa na mahali pa kwenda kusoma hesabu zake hata kama angetaka. Alisoma rafu. Rafu zikijaa, aliamini.

Kuna wanaoitetea, na wana hoja. Septemba 2013 magaidi walivamia Westgate, wakaua watu 67, na Nakumatt ndiyo ilikuwa duka kubwa zaidi mle ndani. Ilipoteza kila kitu kilichokuwa kwenye tawi lile. Benki nazo zilikaza mikopo baada ya sheria ya riba ya 2016. Ni kweli, na ni haki kuyasema. Lakini Westgate ilikuwa tawi moja kati ya makumi, na upanuzi haukusimama baada yake, uliendelea. Ilipofika 2017 wenye majengo walikuwa wanalifukuza kwa kodi, na madeni yote pamoja, ya benki, ya wasambazaji, ya wenye majengo na ya watu walioikopesha kwa hati za muda mfupi, yalikuwa yamepita shilingi bilioni 30. Januari 2018 korti ikampa Peter Kahi wa kampuni ya PKF kazi ya usimamizi. Alijaribu miaka miwili. Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe.

Kampuni ikifa, sheria hupanga foleni. Benki yenye dhamana iko mbele. Wafanyakazi wana nafasi yao kwa kiasi kilichowekewa kikomo. Mtoza ushuru ana yake. Msambazaji wa kawaida, asiye na dhamana yoyote isipokuwa karatasi iliyogongwa muhuri kwenye stoo ya nyuma, yuko mwisho kabisa, karibu na mlango. Ni lile benchi tena, ila sasa korti ndiyo imeliweka.

Ya Tuskys itakuwa fupi kwa sababu inachosha kurudia. Joram Kamau alianza na kiduka Rongai, kaunti ya Nakuru, akajenga. Alifariki 2002 na watoto wake wakaendelea. Mwaka wa 2012 ndugu walikuwa kortini wakishtakiana kuhusu pesa za kampuni. Na mwaka wa 2017, Nakumatt ikiwa mahututi, ni Tuskys iliyojitokeza kutaka kuungana nayo iiokoe. Miaka mitatu baadaye Tuskys yenyewe ilikuwa na rafu tupu, wafanyakazi wasiolipwa na wasambazaji wanaolia. Corona ilichangia, ndiyo. Lakini ugonjwa ulikuwa umeingia kabla ya Corona.

Mtu ataniuliza, basi suluhisho ni kuuziana pesa taslimu tu, kila mtu ashike chake? Hapana. Kwenye Soko la Toi kuna mama mmoja wa Mombasa anayeuza madera, na kwake ndiko nilikojifunza neno mali kauli. Mali kauli ni mali uliyopewa kwa kauli: chukua, uza, ulete. Nusu ya nguo zake ni mali kauli. Bila hiyo, mtu asiye na mtaji hawezi kuanza chochote, si pale Toi, si Nyamakima, si popote.

Na neno hilo lina asili ndefu. Misafara ya karne ya 19 kutoka Zanzibar haikuwa na njia nyingine ya kwenda bara. Mfanyabiashara Mhindi kama Taria Topan alitoa bidhaa, vitambaa vya merikani, shanga, waya wa shaba, kwa mtu ambaye angepotelea bara kwa miaka. Tippu Tip, Hamed bin Muhammed el Murjebi, alikuwa mmoja wa waliobeba mali ya Taria Topan. Alienda mpaka Kongo na kurudi na pembe za ndovu, na deni likalipwa. Hakukuwa na CMA wala mkaguzi wa hesabu. Jina la mtu likiharibika Zanzibar, hapati tena hata gora moja la kitambaa.

Ningependa kuishia hapo na kusema tumepotea, wazee wetu walikuwa waaminifu. Lakini itakuwa uongo. Kauli ilitimizwa kati ya Tippu Tip na Taria Topan. Wapagazi waliokufa njiani, na watu waliokamatwa na kuuzwa kulipia safari hizo, hawakuwa ndani ya ile kauli. Uaminifu wa biashara tangu zamani una uzio, na kiongozi ndiye huamua uzio upite wapi. Wakubwa wa ile ofisi niliyoikataa jina nao walikuwa waaminifu sana, kwa benki zao, kwa wenye viwanda vikubwa. Mama Njugu alikuwa nje ya uzio. Nafikiri wangeshangaa kweli ukiwaambia si waaminifu.

Sheria imejaribu kusogeza uzio huo. Mwisho wa 2019, baada ya Nakumatt kuwaumiza watu vya kutosha, Sheria ya Ushindani ilifanyiwa marekebisho, na kumcheleweshea msambazaji pesa bila sababu ya haki kukatajwa kuwa matumizi mabaya ya nguvu za mnunuzi. Mamlaka ya Ushindani ikaanza kugonga milango. Ilifika Tuskys. Ilifika pia Carrefour: kampuni ndogo ya mtindi, Orchards, ililalamika kwamba inakatwa punguzo la lazima na kutakiwa kutoa bidhaa za bure, na mwaka wa 2020 mamlaka ikaipa haki, mwaka uliofuata baraza la rufaa likakubaliana nayo. Desemba 2023 ikaja faini ya shilingi bilioni 1.1 dhidi ya kampuni inayoendesha maduka hayo, kwa malalamiko ya watengenezaji wawili, mmoja wa mafuta ya kupikia na mwingine wa asali. Kampuni ilipinga uamuzi huo. Nilipoona neno asali nilimkumbuka yule mzee wa mkebe.

Ni hatua kubwa, siibezi. Lakini fikiria kulalamika kunamaanisha nini. Ni kumshtaki mnunuzi wako pekee, ukiwa bado unataka akununue. Orchards walithubutu na ninawavulia kofia. Mama na wenzake sita hawakujua hata jengo la mamlaka liko wapi, na wangejua, nani angeacha sufuria siku hiyo? Sheria inamfikia kiongozi ikiwa imechelewa, ikishikwa mkono na mtu aliyeumia tayari. Kabla yake kuna ile dakika ya mtu mmoja na orodha yake, mlango umefungwa, hakuna anayemwona.

Mwezi uliopita nilimsindikiza mama Nyamakima. Mzee amezeeka, kijana wake ndiye anayebeba siku hizi. Tulichukua gunia moja na nusu, mama akalipia gunia, nusu ikabaki ya kauli. Kijana alitoa simu aandike. Mzee akamwambia, huyo usimwandike. Ningependa kusema nilifurahi, lakini kilichonijia kwanza ni hesabu: neno hilo limetugharimu shilingi ngapi. Kisha nikabeba gunia begani mpaka stejini.

Mama sasa anauzia vibanda vya Silanga na Lindi, na shule mbili. Analipwa siku hiyohiyo au kesho yake, na wasiolipa wako kwenye daftari ambalo hata mimi siruhusiwi kulisoma. Si biashara kubwa. Juzi alikuja kijana nadhifu na tai, anatafuta watu wa kuletea supamaketi mpya bidhaa za hapa mtaani. Alionja njugu, akasifu, akaonyesha picha za duka kwenye simu. Mama akamuuliza wanalipa lini. Siku 60, akasema, lakini mara nyingi huwa kabla ya hapo.

Mama alimfungia njugu za shilingi hamsini kwenye karatasi, akachukua hiyo hamsini, akamwambia aje Alhamisi na pesa mkononi.

Hajaja bado.